Mama Vifungu

Ofisini tunamwita Mama Vifungu, maana ndiye anayeandika sheria za kisiwa chetu. Husoma kila kifungu kwa kunong'ona, kidole kikifuata mstari, na ulimi ukijikwaa hufuta. Nchi jirani ilipojitoa kwenye muungano wake, sheria yetu ya kusafirisha taka, iliyoutaja muungano huo kwa jina, ikapitwa na wakati. Meli zikakataa mzigo, na betri chakavu za kisiwa kizima zikabaki bandarini, zikivuja kando ya nyumba za makuli. Mkubwa wetu alimwambia abadilishe majina ya nchi tu, basi. Yeye akaenda kwanza bandarini kuziona betri. Alirudi na harufu ya tindikali nguoni, akavua miwani, akaipangusa muda mrefu. Kisha akaongeza kifungu: taka zisilazwe tena penye makazi ya watu.

"Hicho sikukuagiza," mkubwa akasema.

"Najua, kaka. Hebu kisome kwa sauti."

Akakisoma taratibu mpaka mwisho. "Kiache," akasema.

Sheria ilipopita na meli ya kwanza kuondoka na mzigo, nilimkuta Mama Vifungu dirishani akipunga mkono.

"Unamuaga nani, dada?"

"Betri," akanijibu, na mkono hakuushusha mpaka meli ikapotea.