Sauti ya Tatu Ilikuwa ya Simeoni

Kaanaeli alizaliwa Mbaga, juu kule ambako ukungu huchelewa kuondoka mashambani. Yeye na mdogo wake Dorkasi walifundishwa kuimba na mmisionari mzee wa Kijerumani aliyependa nyimbo za kale kuliko chakula. Mmoja ulikuwa wa Krismasi, wa wachungaji waliochelewa kufika zizini. Mzee alisema kwao uliimbwa miaka mia nne iliyopita, na maneno ya Chasu, lugha ya Wapare, aliyatia mwenyewe. Uliimbwa kwa kufuatana: wa kwanza akimaliza mstari, wa pili anauanza ule ule, kisha wa tatu, hata sauti zikasukana kama ukili. Kaanaeli alitangulia, Dorkasi akafuata, na wa tatu alikuwa Simeoni, kijana wa sauti nzito, ambaye baadaye alimwoa Kaanaeli.

Vita ilipoanza, Waingereza walimchukua yule mzee kwa kuwa ni Mjerumani. Miaka miwili baadaye Simeoni naye akaandikishwa Keya, jeshi la Waingereza. Kaanaeli, mja mzito wa miezi mitano, alimsindikiza kwa miguu mpaka stesheni ya Same, Dorkasi akiwa amebeba furushi la ndizi za kuchoma.

"Tuuimbe," Simeoni akasema, mguu mmoja umeshapanda treni.

"Hapa, mbele ya watu wote hawa?"

"Hawatujui. Anza."

Kaanaeli akaanza. Treni iling'oka kabla hawajafika mwisho. Dada wawili walikuwa wamekwishamaliza, Simeoni bado ana mstari wake, akaumalizia dirishani huku anacheka.

Mwaka wa arobaini na nne, tarishi wa boma alipanda mlima na karatasi. Simeoni alikuwa amekufa Burma, kwa homa, si kwa risasi. Kaanaeli aliuliza amezikwa wapi. Tarishi akaisoma tena ile karatasi yote, kisha akasema haikuandikwa.

Krismasi iliyofuata, Mwalimu Hezroni wa kwaya alimpa Melkizedeki, mwimbaji mwingine, nafasi ya marehemu. Siku ya mazoezi Kaanaeli alianza vizuri, Dorkasi akafuata, lakini Melkizedeki alipoingia, Kaanaeli akaukatiza mstari wake. Akatoka nje.

"Mwalimu, msiniite tena," alisema.

Dorkasi alimfuata nyumbani kumbembeleza. Kaanaeli akamjibu, "Wewe mumeo yuko nyumbani." Tangu siku hiyo waliongea habari za mahindi, za mbuzi, za watoto, ila habari za kuimba hawakuzigusa. Ikapita miaka kumi na moja.

Halafu Dorkasi akashikwa na kifua. Hospitali ilimtibu, ikashindwa, ikamrudisha kwake. Kaanaeli alihamia pale kumuuguza akisaidiana na Priska, bintiye aliyezaliwa baba yake akiwa vitani. Mchana mmoja, Priska akiwa ameenda mtoni, Dorkasi akasema:

"Dada, nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu."

"Basi mbona uliniadhibu? Simeoni alikuwa shemeji yangu. Nilimlilia yeye, kisha nikakulilia na wewe."

Kaanaeli alikamua kitambaa, akakikunjua, akakikamua tena ingawa kilikuwa kimekauka. "Nilikuonea wivu, mdogo wangu," alisema mwishowe. Kisha akaanza kuimba, taratibu, sauti imekwaruza kwa kukaa bure. Zamu ya Dorkasi ilipofika, midomo yake ilicheza lakini pumzi haikutosha. Kaanaeli akaendelea peke yake hadi mwisho.

"Mstari wa pili umeuharakisha," Dorkasi akasema.

Alifariki Alhamisi ile.

Baada ya matanga Kaanaeli alikwenda kwa Mwalimu Hezroni, ambaye sasa alikuwa na mvi tupu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Nipe wasichana watatu. Kuimba kumenishinda, lakini kufundisha nitajitahidi."

Alipewa watatu, Priska mmoja wao. Walimwogopa, maana hakusifu, na msichana akikosea aliwarudisha wote mwanzo. Walipomuuliza wimbo ule ni wa nani, aliwaambia wenyewe wamekufa. Krismasi ilipofika wasichana waliuimba bila kukosea. Kaanaeli alikuwa kwenye benchi la akina mama, ameinamisha kichwa, na jirani yake, Mama Yudith, alimshika mkono mpaka mchungaji alipowaambia wasimame kwa sala.