Jaribio Moja la Mzee Chaji

Saa tisa alasiri, mtunza mitambo ya mnara wa simu kilimani amekodolea macho kioo kidogo cha betri. Kinasoma asilimia ishirini na tatu. Ikishuka hadi ishirini, mnara utajizima wenyewe.

Wenyeji humwita Mzee Chaji. Mnara wake haujaunganishwa na umeme wa gridi. Unaishi kwa sola na feni ya upepo, na jenereta ya dizeli ni ya dharura. Mawingu yametanda siku ya tatu sasa, na feni imenuna, haizunguki.

Anabonyeza swichi ya jenereta. Inalia mara moja, ta! Kisha kimya. Betri ya kuiwashia imekufa.

"Kosa ni langu," anasema leo, wiki mbili baadaye, bila kuzungukazunguka. "Jenereta unaiwasha kila Jumamosi dakika kumi, hata kama huihitaji. Jua lilikuwa zuri, nikabweteka."

Simu inaita. Ni mkunga wa zahanati ya bondeni, ambako binti wa pekee wa Mzee Chaji yuko kwenye uchungu tangu asubuhi.

"Mzee, mtoto amekaa vibaya. Gari la wagonjwa linakuja, ila daraja limevunjika. Lazima nimwelekeze dereva njia ya juu. Mtandao usikatike, tafadhali!"

"Haukatiki, mkunga," anajibu.

Njia ni moja tu: kuazima nguvu kutoka kwenye betri za mnara wenyewe, aishtue jenereta kwa waya. Ikigoma, nguvu itashuka ghafla na mnara utazimika papo hapo.

"Nilijua nikikosea, nimemzika mwanangu kwa mikono yangu," anasimulia.

Asilimia ishirini na moja. Anabana waya, anabonyeza. Jenereta inakohoa. Taa za mitambo zinafifia. Inakohoa tena, halafu inanguruma. Mzee Chaji anakaa chini kwenye kokoto.

Saa kumi na mbili kasoro mkunga anapiga tena. "Gari lilifika, na hospitalini wamemuwahi, Mzee. Mtoto ni wa kike. Wote wazima."

Sasa ameiomba kampuni sola ndogo ya ile betri ya kuwashia jenereta peke yake. "Mnara mzima unashiba jua, yeye tu ashinde njaa?" anacheka.

Jumamosi hii mjukuu ataletwa kilimani, na babu amepanga kumpakata akiwasha jenereta.

"Nataka aisikie," anasema. "Dakika kumi kamili. Sipunguzi hata moja."