Safari ya Kuifuata Homa ya Masanja

Nilifunga safari kwa sababu ya sauti. Mdogo wangu Masanja, anayechimba dhahabu upande wa Geita, alinipigia simu kunisalimu kama kawaida yake, lakini kila baada ya maneno machache pumzi ilimkata. Nikamuuliza kama ile homa bado ipo.

"Nduhu tabu, dada, hakuna shida. Ni malaria tu, nimeshameza dawa."

Malaria hiyo alikuwa akiimezea dawa tangu tulipokuwa tunapalilia mpunga, na sasa tulikuwa tunavuna. Nikamwachia mume wangu watoto na shamba, nikaaga.

Asubuhi, pale Tinde barabara zinapoachana, nilipanda basi la Kahama. Kahama nikabadili gari kuelekea Geita. Njiani nilinunua michembe, kwa kuwa Masanja hajawahi kukataa viazi vikavu. Nilijisemea kwamba akila, basi si ugonjwa mkubwa.

Geita mjini nilichukua bodaboda hadi machimboni. Huko kila kitu kina vumbi la mawe yanayosagwa, hata majani ya migomba. Niliulizia duara la Masanja, maana shimo la kuchimbia wao huliita duara, nikaelekezwa kwa Shabani, mchimbaji mwenzake, mtu wa makamo kutoka Kigoma. Alinipokea mfuko wangu kabla hata hatujamaliza kusalimiana.

"Afadhali umekuja, dada. Masanja hatusikilizi sisi."

Masanja alikuwa amelala kwenye kibanda cha turubai, shati limemning'inia kama la mtu mwingine. Michembe aliishika tu, akairudisha. Nikaona alivyojikunja, kiganja amekibana chini ya mbavu za kulia.

"Hapo pana nini?"

"Viroba vya mawe. Nimebeba sana."

Shabani akatikisa kichwa. "Zahanati walimpa dawa za malaria, baadaye za taifodi. Homa inatulia, kisha inarudi na baridi ya kutetemesha kitanda. Wapo wanaosema amerogwa, ametupiwa kitu."

Nikamwambia Masanja tunaondoka. Akakataa. Walikuwa wamekaribia mwamba wenye dhahabu, na asiyekuwepo wakati wa mgawo husahaulika. Shabani akachuchumaa mbele yake.

"Nafasi yako nitaishika mimi, na kila mtu hapa atasikia nimesema hivyo. Nenda na dada yako."

Ndipo Masanja akainuka, taratibu, akiegemea bega langu.

Kahama tulifika hospitali kumekucha vizuri, baada ya kulala njiani kwa jamaa. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Masanja akamwambia ana malaria. Kipimo kikasema hana. Nikaona nisinyamaze.

"Daktari, huyu analalia upande mmoja. Ubavu wa kulia haugusiki."

Daktari akapitisha vidole katikati ya mbavu, akabonyeza kidogo. Masanja akamdaka mkono.

"Na bega la kulia, linauma?" akauliza daktari.

Masanja akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemsengenya. "Linauma. Umejuaje?"

"Ini likivimba linaweza kupeleka maumivu begani."

Akamtoa damu, kisha akatupeleka kwenye chumba cha ultrasaundi. Kwenye kioo niliona duara jeusi ndani ya kijivu. Baba yetu alikufa akiwa amevimba tumbo, na mpaka tunamzika tulichoweza kusema ni "tumbo" tu.

"Ni saratani?" nikauliza.

"Sijui bado, mama. Naona tundu lenye kitu kizito ndani yake. Nadhani ni jipu, lakini picha peke yake haitoshi. Nataka kuingiza sindano nivute kilichomo."

Masanja akauliza, "Ini likitobolewa, mtu anapona?"

"Nitaiona sindano kwenye kioo inakokwenda. Hatari ipo, sikufichi. Kuliacha hivi ndiyo hatari kubwa zaidi."

Akanigeukia. "Ungekuwa wewe, dada?"

"Ningetaka kujua."

Akavua shati, akalala.

Wakamchoma ganzi kwanza. Sindano ndefu ilipovuta, ikatoka kitu cha njano, kizito, na chumba kikajaa harufu mbaya mno. Daktari akashusha pumzi, macho yake yakacheka juu ya barakoa.

"Usaha. Ni jipu kwenye ini, na jipu linatibika."

Sijawahi kufurahia harufu mbaya kiasi kile. Akapeleka sehemu ya usaha maabara ili bakteria waoteshwe, ijulikane ni wa aina gani na dawa ipi inawaweza. Akaacha mpira mwembamba wa kutolea usaha uliobaki, na dawa zikaanza kupita kwenye mshipa.

"Mara nyingi wadudu hawa hutoka tumboni wakapanda na damu," alimwambia Masanja, ambaye alikuwa amemsimulia maneno ya machimboni. "Hakuna aliyekutupia kitu."

Majibu ya maabara yaliporudi, walimbadilishia dawa moja. Homa ikaanza kushuka. Asubuhi moja nilimkuta ameketi, ananiulizia ugali na dagaa, na anamlalamikia jirani wa kitanda kwa kukoroma. Picha iliyofuata ilionyesha duara jeusi limesinyaa.

Safari ya kurudi Tinde alikaa dirishani. Alikuwa na mfuko wa vidonge vya wiki nyingi, na amri ya kurudi kupigwa picha tena hata akijiona mzima. Nyumbani watoto wangu walimzunguka, wakitaka kuona alama ya ubavuni.

Nilichojifunza ni kwamba homa inayorudi baada ya dawa haiombi dawa ileile tena, inaomba kuulizwa upya. Masanja naye alijifunza lake. Juzi Shabani alipiga simu. Kuna mchimbaji mwenzao ana homa isiyokatika. Nilimsikia mdogo wangu akimjibu uani, sauti imejaa, haikatiki:

"Mwambie akifika kwa daktari asitaje malaria. Aseme panapomuuma."