Bakuli la Zuhura

Kila mwaka kaka yangu hunitumia mpunga mpya kutoka Usangu, magunia mawili kwa basi mpaka Iringa. Na kila mwaka, nikikata tu kamba ya gunia la kwanza, ile harufu ya makapi na vumbi lililoanikwa juani inanipanda puani hata kabla sijaona punje. Watoto wangu wanasema ni harufu ya wali mtamu. Mimi nanusa chumba cha baba yangu, na siku hiyo siongei na mtu. Wameshazoea. Wanaambiana, "Mama ana mpunga wake leo," wananipisha.

Ninyi nitawaambia, maana hamkai na mimi, hamtanitazama kesho asubuhi.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba yangu alikuwa Msangu, mkulima wa mpunga, na Mwislamu wa kunyoosha mambo. Hakopi, hadanganyi, saa ya sala haimpiti. Mwaka ule alivuna magunia arobaini. Alituketisha akatueleza kwamba shamba linalonyweshwa kwa mfereji zaka yake ni gunia moja katika kila ishirini, akatunyooshea vidole kama mwalimu anayejiandaa kutupa mtihani. Kisha akatenga magunia mawili, akayafunga shingo kwa kipande cha kanga nyekundu ya mama, akayapandisha juu ya magogo mawili chumbani kwake.

"Haya si yetu tena," akasema. "Ni mali ya watu. Panya akila punje moja, tumedhulumu."

Halafu akaniteua mimi niwe mlinzi. Jamani, nilivyojivuna! Nilishika ufagio nikawa nafukuza kuku ambao hata hawakuwa na habari na chumba kile. Kaka yangu alipokalia gunia siku moja nilimpigia kelele mpaka akaondoka akinitukana. Nilijiona karani wa Mwenyezi Mungu.

Tulivuna mwezi wa sita. Ramadhani iliyofuata ilikuwa iingie mwezi wa pili wa mwaka mpya, na baba akaamua kuingoja. Hakuwa peke yake. Watu wengi pale kijijini walifanya hivyo, na wapo wanaofanya mpaka leo, kwa kuwa kwenye mwezi ule thawabu huzidishwa, basi mtu anaona hasara kutoa mapema. Kulikuwa na sababu nyingine pia, nami siifichi. Ramadhani watu wanajaa msikitini, na wanaona nani kaleta nini. Baba alikuwa mtu mwema aliyependa kuonekana mwema.

Mimi nilikuwa sijawahi kuwaona hao maskini wa zaka. Niliwafikiria kuwa ni watu fulani wa mbali, wenye fimbo na kanzu zilizochanika, ambao wangetokea Ramadhani ikifika kama korongo wanavyotokea mashambani maji yakijaa.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Mama Zuhura. Alizaliwa karibu na misheni ya Tosamaganga, akabatizwa huko, akaja Usangu kutafuta vibarua, akaolewa na Mwislamu, akasilimu. Mume akafa kwa homa, akabaki na binti mmoja. Aliishi kwa kupandikiza mpunga wa watu, kuupalilia na kuuvuna. Hata kwenye yale magunia arobaini mkono wake ulikuwemo.

Zuhura alikuwa rafiki yangu. Alikuwa na pengo la meno ya mbele, akipiga mluzi kwenye lile pengo mbwa wa mtaa wa pili wanaitika. Haikunijia hata mara moja kwamba Zuhura ni maskini. Alikuwa Zuhura tu.

Mwezi wa kwanza ukaja na njaa yake. Mavuno yalishapita, vibarua ni vya kubahatisha. Mama yangu alikuwa akimpenyezea Mama Zuhura kibaba cha mchele chini ya kanga, na jioni moja nilimsikia akimwambia baba, "Baba Rehema, si umpe mwenzio chake? Kipo, kinakaa tu."

"Bado wiki mbili," baba akajibu. "Mwambie mvumilivu hula mbivu."

Mama akaguna, akaendelea kupanga nguo zake. Kesho yake alikuwa anasafiri kwenda Iyunga, dada yake amejifungua. Alituachia unga wa kututosha, na ufunguo wa ghala ukabaki mfukoni mwa baba, naye baba akawa anashinda shambani.

Siku ya pili tangu mama aondoke, Zuhura alikuja asubuhi na bakuli la bati, la bluu, limebanduka rangi kwenye mdomo.

"Mama kasema mtupe mpunga, hata kidogo. Atatwanga mwenyewe."

"Ghala limefungwa. Ufunguo anao baba."

Akanyooshea mdomo kule chumbani, kwenye kanga nyekundu. "Na ule?"

"Ule si wetu," nikasema, na sauti niliyotumia ilikuwa ya baba. "Ni wa maskini."

Zuhura akautazama muda mrefu. Mtu aliyekuwa anacheka kila kitu siku ile hakucheka. "Haya," akasema.

Nikamwonea huruma kidogo, nikamwambia Ramadhani ikifika nitamwomba baba ampe na yeye, na bakuli lake nitalijaza mimi mwenyewe mpaka limwagike. Hapo akatabasamu. Akaingia chumbani, akaliweka bakuli juu ya gunia.

"Basi linisubiri hapa hapa," akasema. "Nisije nikasahau."

Yaliyofuata niliyasikia kwa wanawake msibani. Kuna mtu alikuwa amempa Mama Zuhura mbegu za mahindi akampandie, zile zilizotiwa dawa, nyekundu kama rangi ya kucha. Alijua zina sumu, nani asiyejua? Lakini alikuwa amesikia kwamba ukiosha sana inatoka. Akaziosha mara tatu mpaka maji yakawa meupe, akazichemsha na maharage machache aliyokuwa nayo. Akampakulia mtoto kwanza, ashibe. Yeye alikomba sufuria.

Alasiri tukasikia yowe. Nilimkuta Zuhura mlangoni kwao anatokwa na mate, anatetemeka, macho hayanioni. Baba alikuwa ndiyo kwanza anarudi. Alitupa jembe, akamfunga Zuhura mgongoni kwa kanga kama mwanamke abebavyo mtoto, akapanda baiskeli kuelekea zahanati, na Mama Zuhura akamkimbilia nyuma huku naye anatapika njia nzima. Walirudi kabla ya magharibi. Baba alikuwa anatembea, baiskeli ameiacha huko, na Zuhura bado yuko mgongoni. Alitembea taratibu mno. Nilipoona anavyotembea nikajua.

Tulimzika asubuhi. Tuliporudi baba akaingia chumbani kwake, akayaburuta yale magunia mawili mwenyewe, hakutaka kusaidiwa, mpaka mlangoni kwa Mama Zuhura. Alisimama pale, kofia mkononi. Mama Zuhura alikuwa amelala kwenye mkeka, hana nguvu ya kukaa, lakini aliinua mkono.

"Ahsante, baba," akasema. "Mungu akuzidishie."

Laiti angemtukana! Baba alikwenda nyuma ya jiko letu, akachuchumaa, akalia kwa sauti. Sikuwahi kumwona akilia, nikaogopa kuliko nilivyoogopa kaburi.

Wanawake wakaupeleka mpunga mashineni, wakapika kwa ajili ya watu wa msiba. Nami nikapewa sahani. Nikala. Ulikuwa wali mtamu, mweupe, na nilikula nikamaliza kwa sababu nilikuwa na njaa.

Jioni baba aliliona bakuli limebingirika chini ya kitanda. Akaliokota.

"Hili la nani?"

"Sijui," nikasema.

Tangu mwaka ule baba alitoa zaka uwanjani, pale pale tunapopigia mpunga, kabla gunia moja halijaingia ndani. Watu walimcheka, "Mzee, Ramadhani bado!" Yeye akaendelea kupima. Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa wa kufa, alinishika mkono akaniambia, "Rehema, yule mtoto nitaulizwa mimi. Mimi peke yangu." Nilikuwa mtu mzima, nina watoto. Ningeweza kumwambia, hapana baba, alikuja, mimi ndiye niliyemrudisha. Angekufa na mzigo nusu. Nikamfunika shuka, nikanyamaza. Nalo hilo sikujisamehe, wallahi.

Bakuli ninalo. Ndilo ninalopimia. Mpunga ukifika nauchota kwa lile bakuli siku hiyo hiyo, nautoa siku hiyo hiyo, nyumba ya tatu, nyumba ya nne, sihitaji kwenda mbali. Majirani wananicheka kama walivyomcheka baba. Utotoni nilijua kuhesabu moja katika ishirini. Sikujua kwamba mwenye mali alikuwa amesimama mbele yangu, na nilichokuwa nalinda nilikuwa namlindia yeye asikipate.

Na panya, niwaambie, hawakugusa hata punje.