Jina ya tata ya Mama Ngalula

Leo nimeliza mama ya bantu na kaprogramu ka mistari kumi.

Munajua butike yangu ya fotokopi, hapa Dilala. Kama hakuna bakiliya ba kufotokopisha, mi naandika programu, zile za maneno tu kwa ekrani nyeusi.

Leo nilifanya jina itoke herufi moya moya, kisha ijifute moya moya, kuanzia mwisho.

Nilijiona fundi kabisa.

Nikaita Mama Ngalula, anauzisha unga pembeni yangu.
"Mama, nipe jina moya."
Akachagua ya tata yake, baba yake marehemu. KABONGO.

K. A. B. Akacheka, akaita hata bakiliya yake baone.
Jina ikamalizika. Halafu ikaanza kufutika.

Akagusa ekrani na kidole.

"Njo vile bantu ba kampuni balifanya," akasema. "Ile mwaka balifukuza bantu ba Kasai hapa, mbele ya kututosha, balikuya na rangi kwa nyumba yetu ya kampuni. Balifuta jina ya tata kwa mulango, na sisi tuko ndani."

Machozi ikatoka.

Nikatosha mu programu ule mustari wa kufuta. KABONGO ikatoka tena, ikabakia. Akanishika bega.

"Aksanti, mwana yangu. Tata yako alikuwa anatumika kazi wapi ile wakati?"

Nikamuambia alikuwa mulimaji kule Sandoa, mbali na hapa.

Kesho atapita tena kuangalia jina. Muniambie, nimuambie nini?

Ju ile wakati tata yangu alikuwa anapakala rangi nyumba za kampuni, hapa hapa Dilala. Burashi yake iko kwetu mpaka leo.