Maziwa ya Jioni

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini kituoni walishalisahau siku nyingi. Walimwita Pua. Pua yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa ya kawaida, tena ndogo kidogo kwa uso wake. Ila kwa miaka kumi na moja pua hiyo ndiyo iliyoamua maziwa ya nani yaondoke na gari na ya nani yarudi nyumbani. Kwa ajili ya kazi hiyo hakujipaka marashi wala hakuoga kwa sabuni yenye harufu. Mumewe, fundi cherehani aliyependa sana kunukia, alikuwa akijipulizia uturi wake uani, mbali na dirisha, kama mvuta sigara aliyefukuzwa sebuleni.

Kituo kilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji iliyoinama kidogo kuelekea mfereji, meza iliyopigwa bati juu, na dirisha pana la kupokelea mikebe. Ukutani ilining'inia fimbo yenye alama za lita. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Pua alifungua dirisha, na wafugaji walikuwa wameshapanga mstari. Alifunua mkebe, akainama, akavuta pumzi. Kisha alichota kijiko cha maziwa na kijiko cha spiriti, akavichanganya kwenye kichupa cha kioo na kutikisa. Yakiteleza laini kwenye kioo, mkebe unaingia. Yakiacha chembechembe, basi yamekatika, na hapo hata ungekuwa nani, unafunga mkebe wako unarudi nao. Gari la kiwanda lilifika saa tatu, na mkebe mmoja mbovu ukimiminwa kwenye tangi la gari unaharibu maziwa ya watu wote.

"Hata ungekuwa nani" hayo hayakuwa maneno ya mdomoni tu. Mama mkwe wake alikuwa na ng'ombe watatu, na ndani ya mwezi mmoja Pua alimrudishia maziwa mara tatu, mbele za watu. Baada ya mara ya tatu bibi yule akaacha kumwita mwanangu. Akaanza kumwita Mpimaji. Tena hakumwambia neno moja kwa moja. Alipitishia kwa wajukuu. Watakuwa wamekaa wote mezani, chumvi iko mbele ya Pua, na bibi atamgeukia mjukuu: "Hebu mwambie Mpimaji anisogezee chumvi, kama imepita kipimo."

Watoto walivunjika mbavu. Pua alicheka nao, lakini ndani ilimuuma, kwa sababu alimpenda mama yule, na kwa sababu alijua kosa halikuwa la bibi.

Kosa lilikuwa la jioni. Ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa siku, na gari lilikuja mara moja. Nguzo za umeme zilikuwa zimekomea shuleni, kilomita nne kutoka kituoni, zikakaa hapo kama zilizochoka, na bila umeme hapakuwa na cha kupozea maziwa. Kwa hiyo ya asubuhi yaliuzwa, na ya jioni yalinywewa, yakagawiwa majirani, yakapewa ndama na mbwa, na bado yakabaki. Yaliyobaki yalilala usiku kucha kwenye beseni la maji, na kulipokucha mwenyewe aliyatazama, akayaonea huruma, akayachanganya kidogo tu na ya asubuhi. Kidogo tu! Hicho kidogo ndicho Pua alichokinusa.

Basi siku moja ikaja habari kwamba kuna mama mmoja mjini, mwenye kampuni yake, anayefunga matangi ya kupozea yanayotumia umeme wa jua. Kampuni inaleta tangi na vioo vyake vya kunasa jua kwa fedha zake yenyewe, halafu inapata sehemu yake ndogo katika kila lita inayopozwa, na baada ya miaka kadhaa tangi linakuwa la wafugaji. Mama huyo alikuwa akitafuta mahali pa kuwekeza, na alikuwa na vituo vitatu vya kutazama. Kituo chao kilikuwa kimojawapo.

Mwenyekiti wa chama cha wafugaji alipopata simu hiyo hakulala. Alikuwa mtu mwema, mwalimu mstaafu, ila akishavaa koti lake la mikutano mdomo hushinda breki. Akamhakikishia mgeni kwamba chama kina afya, wafugaji wana nidhamu, na kwamba hapa halipotei hata tone. Kisha akawapitia wanachama nyumba kwa nyumba. "Siku hiyo nataka maziwa mengi kuliko siku zote. Aone mikebe mpaka achoke."

Kwa Pua alikuja mwisho, sauti chini.

"Dada yangu, nakuomba kitu kimoja tu. Siku hiyo uwe na mafua."

"Mafua?"

"Mafua madogo, ya asubuhi moja."

"Mwenyekiti, mimi nikiwa na mafua, spiriti haina mafua."

Akaondoka akitikisa kichwa. Pua alibaki ameshika kichupa mkononi, na moyo wake haukutulia. Tangi alilitaka kuliko mtu yeyote. Likija, maziwa ya jioni yatapokelewa jioni yakiwa na joto la ng'ombe, na hatakuwa na sababu tena ya kumrudishia mzazi wa mumewe mkebe mbele za watu. Lisipokuja, atakuwa Mpimaji mpaka kaburini.

Siku ikafika. Mgeni aliteremka kwenye gari lake, akafungua buti, akatoa viatu vya mpira vyake mwenyewe na kuvivaa. Pua akampenda papo hapo. Halafu, alipompa mkono, akavuta pumzi kimya kimya kama kawaida yake. Mwanamke yule hakunukia chochote. Huyu amewahi kufanya kazi na maziwa, Pua alijisemea.

Mstari ulikuwa mrefu kuliko siku zote, kama alivyoagiza Mwenyekiti. Mikebe sitini na mmoja, yote imejaa mpaka shingoni. Mwenyekiti aliifagia yote kwa mkono, kifua mbele: "Mama, haya ndiyo maziwa yetu ya asubuhi." Pua akafunua mkebe wa kwanza, akainama, akavuta pumzi. Akafunua wa pili. Wa tatu. Harufu ilikuwa ile ile, changa, ya uchachu unaoanza kuamka. Hawa watu, walipoambiwa walete mengi, walikuwa wameyatoa wapi? Ng'ombe haongezi maziwa kwa sababu mwenyekiti ameamuru. Kila mmoja alikuwa ameyaweka ya jana jioni na kuyamimina humo, akidhani ni yeye peke yake mwenye akili.

Alitikisa kichupa. Chembechembe. Akakiinua juu mwangani ili kila mtu aone, kama alivyofanya siku zote, na akasema neno lake la siku zote: "Yamekatika."

Mwenyekiti akapiga chafya kumkumbusha mafua. Pua akaendelea. Mkebe ukitoka dirishani unawekwa kwenye nyasi, na mwenyewe anasimama nyuma yake ameinamisha macho. Mpaka anamaliza, mikebe kumi na minane tu ilikuwa imeingia ndani. Arobaini na mitatu ilikuwa nje juani, na ya asubuhi yaliyokuwa mazima yalikuwa yameponzwa na ya jioni. Pua alitamani ardhi ipasuke. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemwonyesha mwekezaji kituo ambacho theluthi mbili ya maziwa yake ni ya kumwaga.

"Ni joto," Mwenyekiti akasema haraka. "Jana kulikuwa na joto la ajabu. Sivyo, Pua?"

Mgeni hakumtazama Mwenyekiti. Alimtazama Pua. "Wewe unasemaje?"

Pua akaweka kichupa mezani. "Si joto, mama. Ni maziwa ya jioni. Wamechanganya."

Minong'ono ikapita. Mgeni akaenda mpaka kwenye nyasi, akagonga mkebe wa karibu kwa kidole. "Huu ni wa nani?"

Kati ya mikebe arobaini na mitatu, mkono wake ulikuwa umeangukia ule. Pua aliutambua kwa kitambaa cha bluu kilichofungwa kwenye mpini. Hapo mama mkwe wake akasogea mbele, mfupi, mgongo umenyooka, akasimama kando ya mkebe kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Ni wangu," akasema. "Ndani mna lita tano za jana jioni, na si jana tu, kila jioni hunibakia tano. Ng'ombe wangu hawajui kama gari huja asubuhi peke yake."

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikafungua mlango. "Mimi nina nne," mwingine akasema. "Mimi saba!" "Andika sita hapa!" Watu waliokuwa wameinamisha macho kwa aibu sasa walikuwa wanashindana nani anapoteza zaidi. Mgeni alitoa daftari, na Pua, ambaye hakuweza kuvumilia maziwa ya uongo hata yakiwa ya maneno, akachukua fimbo ya kupimia ukutani na kutoka nje.

"Wewe unasema kumi? Una ng'ombe mmoja, na amekauka tangu mwezi uliopita. Mama, huyu mwandikie sifuri."

"Nilikuwa nahesabu atakapozaa," yule bwana akajitetea, na watu wakashika mbavu.

"Akizaa utakuja kuniambia. Na wewe, saba za wapi? Tano."

Aliwapitia wote hivyo, mmoja baada ya mwingine, akipunguza chumvi waliyotia. Waliokasirika walikasirika. Hesabu ilipofungwa ilikuwa lita mia tatu na kumi na tano, za kila jioni, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuzipima, kwa kuwa hazikupokelewa kituoni.

Mgeni akafunga daftari. "Mwenyekiti, nikuambie kweli. Kwenye simu uliniambia hapa halipotei hata tone. Njia nzima nilikuwa najiuliza, kama halipotei hata tone, sasa tangi langu lije kupoza nini? Nilikuwa nimeshaamua kuwashukuru na kwenda kituo cha pili."

Mwenyekiti alivua koti, akalikunja taratibu, akaliweka mkononi. Siku hiyo hakutoa hotuba nyingine, jambo ambalo wanachama wanalisimulia mpaka leo.

"Na nataka kujua," mgeni akaendelea, "tangi likija, nani atasimama dirishani?"

Watu waligeuka wakamtazama Pua, hata wale aliowapunguzia lita.

Usidhani siku hiyo mkwe na mama mkwe walikumbatiana. Walirudi nyumbani njia moja, bibi mbele na mkebe wake kichwani, Pua nyuma. Jioni chumvi ilipitia kwa mjukuu kama kawaida.

Mambo yalichukua miezi saba. Mgeni alirudi mara mbili na watu wake, wakapima paa, wakapima kisima, mkataba ukasomwa na kusomwa tena mpaka wazee wakasinzia. Kuna wiki ambazo Pua alikata tamaa kabisa na kusema watu wa mjini ni wale wale. Kisha siku moja lori likapanda kilima na tangi linalong'aa juu yake, na alipoliona alilia, hakujificha. Halafu akafuta macho, akaingiza kichwa ndani ya tangi na kulinusa pembe zote. Mafundi walidhani anawatania. Akawaambia walisuuze tena.

Jioni ya kwanza, saa kumi na moja, alifungua dirisha ambalo halikuwahi kufunguliwa saa hiyo. Mtu wa kwanza kwenye mstari alikuwa amekaa juu ya mkebe wake uliofungwa kitambaa cha bluu. Alikuwa amefika tangu saa kumi na nusu ili asitanguliwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mkebe ukapanda dirishani. Pua akainama, akavuta pumzi: majani, ngozi ya ng'ombe, na joto la kiwele. Angeweza kuupitisha hapo hapo. Lakini alichota kijiko chake, akatia spiriti, akatikisa, akakiinua kichupa juu ambapo bibi na mstari mzima wangekiona. Maziwa yakateleza kwenye kioo, laini, bila hata chembe moja.

"Mazuri, mama. Lita tano na nusu."

Akayamimina. Bibi alishika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili, akayatazama yakishuka ndani ya tangi mpaka tone la mwisho.

"Miaka yote hii," akasema, "jioni nilikuwa nakamua ili ng'ombe asiumwe tu."

Nyuma yake watu walisubiri, hakuna aliyemharakisha. Kisha akausukuma mkebe mtupu kuelekea ndani.

"Nisuuzie, mwanangu. Kesho jioni nitakuja nao tena."

Pua akausuuza mara mbili, ingawa mara moja ingetosha.