Waya wa Haji Niliouvalisha Ngozi ya Mbuzi

Baba yangu alikuwa na ngamia jike mmoja mweupe, mkorofi, mwenye kuuma watu, na siku moja tukihama kutoka upande wa Tarbaj yule ngamia akajilaza chini na mzigo wote mgongoni, miti ya nyumba ikavunjika chini yake. Kwetu miti ile ndiyo nyumba yenyewe, ukiikosa unalala juani, basi mama akaanza kulia, na baba akachukua ngozi ya mbuzi ambayo bado ilikuwa mbichi (mbuzi tulimchinja jana yake, alikuwa anakufa hata hivyo), akaikata mikanda, akaifunga penye mvunjiko, akaiacha jua lifanye kazi. Ngozi mbichi ikikauka inabana kama chuma. Nyumba ile ilisimama miaka mingi, dada zangu wawili waliolewa kutoka ndani yake.

Mnisamehe, nimeanza mbali. Lakini nikianza na aibu yenyewe mtanicheka kabla sijaeleza kwa nini, na mimi mpaka leo naona haya, mzee mzima na ndevu zangu nyekundu za hina.

Ilikuwa miaka ya tisini, niko Garissa mjini, ng'ombe wangu wote wa Ijara wamekwisha kwa ukame. Nilikuwa nafanya kazi kwa Haji Dahir, mtu mpole sana, ambaye kiharusi kilimpiga mkono wa kulia ukawa unaning'inia tu. Hospitali walimwambia auvutevute ule mkono kila siku, na mwanawe aliyeko Jidda akamletea mashine ya mazoezi ya nyumbani, dude zima la chuma, likafungwa kwenye baraza chini ya mabati. Juu lina puli, lile gurudumu dogo lenye mfereji, na waya unapita hapo, huku mwisho una mpini wa kushika, huku umebeba vyuma vizito vilivyopangwa kama mikate. Ukivuta, vyuma vinapanda. Ukiachia, vinashuka. (Mara ya kwanza nilidhani ni mzani.)

Yule mwana, kabla hajarudi Jidda, aliniketisha akanieleza kama maalim wa duksi, chuo cha Kurani. Akasema, akiniita ami kwa Kisomali, "Adeer Nuur, kila Ijumaa pangusa waya kwa kitambaa kikavu, vumbi la hapa linakula. Puli itie tone moja la mafuta ya cherehani, lakini waya usiupake kitu. Halafu pitisha vidole juu ya ile ngozi yake ya plastiki, taratibu, mwanzo mpaka mwisho. Ukisikia ufa, au nywele za chuma zinachungulia, mwambie baba aache kuvuta, nipigieni simu, nitaleta waya mpya. Waya huu hauungwi."

Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilisikia, sitadanganya. Karibu mwaka mzima nilipangusa kila Ijumaa kabla ya swala, mashine ikawa inang'aa, na mkono wa Haji ukaanza kushika kikombe.

Sasa, kulikuwa na kisima kipya cha mashine kilichochimbwa njia ya kwenda Sangailu, na wazee wa kisima walikuwa wanatafuta mtu wa kukitunza. Kazi ile niliitaka kuliko kitu chochote. Nilichoka kuwa mtu wa mjini asiye na mnyama. Haji akaniambia, "Nitawaita wazee waje wanywe chai, waione hii mashine unavyoitunza. Wenyewe watasema."

Ijumaa ya wiki ile ile nikapitisha vidole nikasikia ufa. Mdogo, kama ukucha. Na nywele tatu za chuma zikanichoma kidole.

Ningesema. Lilikuwa neno moja tu. Lakini nikawaza, wazee wanakuja baada ya wiki mbili, waambiwe kwamba Nuur mashine imemfia mkononi? Nikaenda kwa mchinjaji, nikaomba kipande cha ngozi ya mbuzi, nikakishona kibichi kuzunguka ule ufa, nikakipaka mafuta ya mkia wa kondoo kisipasuke. Kilipokauka nikakigonga kwa kijiko, kikalia ko-ko. Nikafurahi peke yangu.

Mama Halima, mke wa Haji, ambaye ulimi wake mji mzima unaujua, alipita akasimama.

"Nuur, mbona hii mashine inanuka zizi?"

"Ni dawa yake, Mama."

"Dawa! Mashine inaumwa?"

Nikajifanya nafagia.

Wiki mbili Haji alivuta salama, kwa sababu mkono wake ulikuwa dhaifu, anavuta chuma kimoja, kidogo tu, na ile ngozi haikufika hata kwenye puli. Mimi nikaona ni ufundi wangu.

Wazee wakaja watatu, wakaketi kwenye mkeka, Haji akavuta mara tano, wakasema mashallah. Mkubwa wao, Sheikh Abdille, mtu mwembamba mwenye bakora, akauliza, "Na haijaharibika hata mara moja?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Wallahi, haiharibiki nikiwa hai," nikatia kile kipini cha kuchagua uzito chini kabisa, nivute vyuma vyote, nikaketi, nikashika mpini, nikavuta kwa nguvu zote mpaka kifuani. Ngozi ikapanda, ikaingia ndani ya puli, ikakwama. Nikaachia, vyuma havishuki. Vimening'inia juu kama nyama kwa mchinjaji.

"Ndivyo inavyofanya?" akauliza Sheikh Abdille.

"Inapumzika," nikasema.

Nikachuchumaa mbele ya vyuma nitazame juu, pindo la kikoi changu likatanda pale chini ya vyuma, sikuliona, nikautikisa waya. Nikasikia tii, tii, nywele zinakatika, halafu vyuma vyote vikashuka kwa kishindo, mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Mguu wangu ulikuwa pembeni, upana wa kiganja tu, alhamdulillahi. Kwa woga nikaruka juu. Mimi niliruka, kikoi hakikuruka. Nikabaki na kaptura kuukuu yenye kiraka cha gunia la unga wa msaada, na maandishi bado yanasomeka.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Sheikh Abdille akaokota kile kipande kwa ncha ya bakora.

"Hii ni ngozi?"

"Ya mbuzi."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

Haji akautazama mkono wake wa kulia, akaufungua na kuufumba polepole. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Nimekaa chini ya vyuma hivi kila asubuhi, Nuur."

Sheikh Abdille akaiweka ngozi kwenye mkeka, akaniuliza bila hasira, "Na kule kisimani, walaal, ndugu yangu, mashine ikipasuka, ngamia elfu wamesimama na kiu, utatuambia, au utaivalisha ngozi?"

Jibu nilikuwa nalo, kwamba ningewaambia, lakini nilijua hakuna wa kuliamini, hata mimi. Tangu siku ile kitu kikichoka nasema kimechoka, hata kiwe changu, hata kiwe goti. Lakini hayo nilijifunza baadaye. Pale nilisimama tu, nimeshika kiraka kwa mikono miwili.

Mama Halima akatupa leso kutoka mlangoni, ya maua mekundu. "Jifunge, ndugu yangu. Wazee wanataka kunywa chai."

Nikajifunga. Nikawapa salamu, wakaitikia wote, hata Haji. Nikapita getini, nikapita sokoni na maua yangu kiunoni, wauza miraa wakinitazama, nikashika njia ya darajani, ya kutoka mjini, na nyumba ile sikurudi tena, hata kikoi sikukifuata.